Mtumbwi wa Mrengu Mmoja

Mke wangu alipata wazimu wa mtumbwi akiwa na miaka hamsini na sita, na aliyekosa usingizi ni mimi. Kwetu Unguja sijapata kuona mwanamke wa makamo akishika kafi kwenda kushindana. Resi za ngalawa ni za wanaume. Wanawake husimama pwani, wakapiga vigelegele, wakawacheka walioshindwa mpaka Idi ya pili. Yeye tumeishi naye huku London, Thamesmead, miaka yote hii, mto Thames uko mwisho wa mtaa, na hajawahi kuutia hata kidole. Halafu Jumapili moja anarudi nyumbani, mtandio umerowa na umemkaa upande, ananiambia amepata klabu. Klabu ya nini? Ya mtumbwi wa Kihawaii. Wanapiga kafi watu sita, na yeye wamempa kiti cha nne.

Hawaii mie nilikuwa naijua kwa mashati yake tu. Nikamwambia, bibi wee, hujui kuogelea. Akasema anajifunza. Nikamwambia maji ya London ni baridi, yatakuingia kifuani. Akasema kifua chake anakijua mwenyewe. Hapo alikuwa amenikanyaga penye kidonda.

Mwaka uliotangulia madaktari walikuwa wamemkata titi la kushoto. Saratani. Neno lenyewe nilikuwa silitaji. Nikisema "yale maradhi", na jamaa wote walielewa. Walimkata, wakampiga mionzi, wakamtilia madawa yaliyomng'oa nywele mpaka za nyusi, halafu wakamwambia aende nyumbani, awe anarudi mara kwa mara kuangaliwa. Watu wakaja kutupa pongezi, tukachinja, tukasoma maulidi. Wenzangu wakadhani yamekwisha. Kwangu ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Mie dereva wa basi, natokea gereji ya Stratford, nimezoea kuamka alfajiri, lakini tangu hapo nikawa naamka kabla ya saa kulia, nalala ubavu kumsikiliza kama anapumua. Akikohoa, moyo unaniruka. Akisema amechoka, nakwenda chooni kusimama peke yangu.

Huo mtumbwi aliupatia hukohuko hospitali. Nesi wa mazoezi alimwambia mkono wa upande uliokatwa usiachwe kukaa bure, utavimba, atafute mchezo wa kuunyoosha. Wenzake wakachagua kuogelea na yoga. Yeye akachagua Hawaii.

Niliuona mtumbwi wenyewe kwa mara ya kwanza kwenye gati la zamani wanakofanyia mazoezi, si mbali na gereji yetu. Nilikwenda kwa kisingizio cha kumpelekea glavu. Ulikuwa mrefu, mwembamba, umelazwa juu ya matairi, na nilipouzunguka nikapigwa na butwaa. Ngalawa ya kwetu ina mirengu miwili, yale magogo yanayoelea huku na huku, ndiyo yanayoizuia isipinduke. Huu ulikuwa na mmoja tu, upande wa kushoto, umefungwa kwa miti miwili iliyopinda. Upande wa kulia hakuna kitu, ni maji matupu. Nikadhani mrengu wa pili haujafungwa bado, nikamuuliza mke wangu fundi atamaliza lini. Akaniambia umekwisha, ndivyo ulivyo, na kwamba Wahawaii huvuka nao bahari kutoka kisiwa hadi kisiwa.

"Mtumbwi gani wa mrengu mmoja?" nikasema. "Huu haujakamilika. Huu utapinduka tu."

Hakucheka. Alilisimamisha kafi lake chini, akaniangalia.

"Na mimi je?" akaniuliza.

Nilijifanya natafuta funguo mfukoni, nikaaga, nikarudi kazini, na siku nzima nikaendesha basi na swali lake kichwani.

Mashindano yalikuwa Jumamosi, na Jumatatu yake tulikuwa na miadi hospitali. Alikuwa ameshapigwa picha. Jumatatu ndiyo tungepewa majibu kama yale maradhi yamerudi au hayakurudi. Nilimwomba auache mtumbwi kwa wiki ile. Nikamwambia mtu mwenye jambo kubwa mbele yake hutulia nyumbani, akasoma Kurani, akanywa uji. Akasema uji atakunywa na mtoni atakwenda. Nikamtuma binti yetu amshawishi. Binti huyo amezaliwa huku, ni mfamasia, ukimsemesha kwa Kiswahili anaelewa mpaka matusi lakini anajibu kwa Kiingereza. Alimsikiliza mama yake chumbani kwa muda, akatoka, akaniambia mama anakwenda, na mimi nikitaka kuja nije, lakini nisije na uso ule.

Uso nitauacha wapi? Nikaenda nao hivyohivyo.

Asubuhi nilipitia dukani kwa Mhindi wetu, mzaliwa wa Kisumu, nikanunua kichane cha ndizi sukari, zimeiva, ngozi nyembamba, zinanukia. Mkono mtupu haulambwi. Mke wangu anakwenda kupanda chombo na watu baki, nami nende nikawasimamie pale nimekunja mikono kama askari kanzu? Nikachukua na thamosi ya chai ya tangawizi. Tukapanda treni watatu, tukavuka London nzima mpaka Putney, na njiani mke wangu alikuwa akicheka na binti yake kama wanakwenda harusini. Mie nilikuwa nikihesabu mawingu.

Ukingo wa mto ulikuwa umejaa watu na mitumbwi. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu, bamvua kabisa, rangi ya chai ya maziwa, yanakokota matawi na chupa. Mtu aliyekulia kisiwani, hata kama hajui kuogelea, na mie sijui, huyajua maji ya namna hiyo. Hayo ni maji ya kukaa nayo mbali. Nikatafuta mtu mwingine mwenye hofu usoni nipate mwenzangu, sikumwona. Wote walikuwa wakijipaka mafuta ya jua, na jua lenyewe halikuwepo.

Nahodha wao alikuwa mama wa Kihawaii hasa, mfupi, mnene wa mabega, nywele nyeupe kichwa kizima. Ndiye anayekaa kiti cha sita nyuma na kuuongoza mtumbwi. Alinishika mikono yote miwili kwa uchangamfu, akamsifia mke wangu kwangu, kisha macho yake yakashuka kwenye mfuko wangu, na tabasamu likamganda. Akamwambia binti yangu kitu kwa sauti ya chini. Binti akanigeukia, uso umemwiva. Ndizi, Baba. Kwao Hawaii ndizi hazipelekwi chomboni. Ni nuksi. Chombo kilichopakia ndizi hakirudi salama, ndivyo wavuvi wao wanavyoamini, na huyu nahodha, ingawa ni mwalimu wa hesabu, hawezi kupanda na ndizi.

Mwingine angecheka. Mie nimekulia kwa watu wasiopiga mluzi chomboni, nikaelewa mara moja, na damu ikanishuka miguuni. Nikaufunga ule mfuko upesi niupeleke mbali. Nikageuka kumtafuta mke wangu. Alikuwa amesimama kando ya mtumbwi, ganda la ndizi limening'inia mkononi, anatafuna kipande cha mwisho.

Wale wanawake wengine wa mtumbwi wake wakaacha kujipaka mafuta. Yule nahodha alimtazama, akapumua kwa nguvu, mwishowe akacheka, akamwambia ganda akalitupe mbali sana na asilivuke mtu. Lakini ganda si kitu. Ndizi ilikuwa tumboni na tumbo linapanda mtumbwini. Mke wangu alipoelezwa alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema kama ndizi ndiyo itakayomuua baada ya yote yale, basi na imuue, angalau ni tamu. Nikamwambia aache maneno hayo. Astaghfirullahi, maneno gani ya kusemwa mdomoni mwa mto?

Kabla ya kuteremsha mtumbwi waliuzunguka, wakashikana mikono, na nahodha akaomba dua kwa Kihawaii. Sauti ilikuwa ya chini, inakwenda na kurudi, na watu wote pale ukingoni walitulia. Niliona midomo ya mke wangu nayo inakwenda, nikajua ni Ayatul Kursiyyu. Nikaisoma na mimi. Nikaisoma tena. Kisha wakaunyanyua mtumbwi, wakauingiza majini taratibu kama wanaomlaza mtoto, wakapanda mmojammoja kwa upande wa kushoto.

Binti yangu aliniona navyokwaruza mkono wangu. Akaanza kunieleza mambo ili nitulie. Kila mmoja amevaa jaketi la kuelea. Ipo boti ya uokozi. Na wamefundishwa: mtumbwi ukipinduka, kila anayeibuka anapiga kelele namba ya kiti chake, moja mpaka sita, kwa zamu, na nahodha hafanyi jambo jingine lolote mpaka asikie zote. Usihangaike, Baba, mradi usikie sita. Alidhani ananipoza. Mpaka dakika ile sikuwa nimejua kwamba kupinduka ni jambo la kawaida kiasi cha kuwekewa utaratibu.

Wakaondoka. Safari yenyewe ilikuwa kwenda mpaka daraja la Hammersmith, kuzunguka boya, na kurudi. Sita wote wamevaa fulana moja ya buluu, lakini wangu nilimjua kwa kilemba chekundu alichojifunga kichwani. Nisiseme uongo, ulikuwa mwendo mzuri. Makafi sita yaliingia majini pamoja, yakatoka pamoja, kisha mmoja akapiga ukelele na wote wakageuza upande bila kukosana. Mkono wake wa kushoto, ule ambao miezi michache nyuma haukuweza kushusha sahani kabatini, ulikuwa unapanda na kushuka sawa na ya wenzake. Watu wakashangilia. Binti akapiga vigelegele, akashindwa, akacheka. Kilemba kikawa nukta, mto ukapinda, nikawa simwoni tena.

Nadhani hakuna kitu kibaya kama hicho kipande cha mto kisicho na mtu. Nilitembea kwenda na kurudi. Nilienda kuutazama ule mfuko wa ndizi mahali nilipouficha nyuma ya pipa, nikafikiri niwape bata, nikaogopa kuzitupa mtoni. Nikarudi. Nilimwomba Mungu amtoe mle salama, halafu nikajiona mjinga, kwani akitoka mle Jumatatu ipo palepale. Nikaomba vyote viwili. Nikaona haya kuomba vyote viwili siku moja, nikaomba hivyohivyo.

Mtumbwi wa kwanza ukatokeza kwenye kona, si wao. Wa pili, si wao. Upepo nao ulikuwa umegeuka, unakuja kinyume na maji, na mto ukaanza kusimamisha vijiwimbi vifupi vyenye meno. Mwisho nikakiona kile chekundu. Walikuwa karibu na ukingo wetu kuliko walivyoondoka, wamechoka, makafi hayaingii tena pamoja. Binti akaniambia wanakuja vizuri, wamebakiza kidogo tu, na hapo ikapita boti moja ya injini, inakwenda zake, haina habari na mtu, ikaacha nyuma yake matuta ya maji.

Tuta la kwanza walilivuka. La pili liliuinua mrengu. Niliona kwa macho yangu ule mrengu ukiacha maji, unapanda polepole, unachuruzika, na yule aliyekaa karibu nao akijitupa kuulalia na asiufikie. Mtumbwi ukalala upande wa kulia, ule upande usio na kitu. Ukageuka tumbo juu. Fulana za buluu zikamwagika.

Niliogopa. Sijui nisemeje zaidi ya hapo. Sijawahi kuogopa vile, hata siku daktari alipofunga mlango kabla ya kutwambia. Masikio yalinivuma, halafu yakafunguka, nikawa nasikia kila kitu. Nilisikia sauti ya kwanza kutoka majini, nyembamba, inapiga kelele kwa Kiingereza: moja. Ikafuata mbili, mwanamke anakohoa. Ikafuata tatu.

Kisha kimya.

Tano, akaita mwingine. Sita, akaita nahodha, na papo hapo akaanza kuita kwa sauti kubwa ile namba iliyokosekana, namba ya mke wangu, anaita na kugeuka huku na huku. Hakuna aliyejibu. Nikaona vichwa, nikaona nywele za kila rangi, na chekundu sikukiona. Nikasema Inna lillahi. Nikamwita mke wangu kwa jina lake la utotoni, ambalo wanaojua kuliita wote wamekwisha kufa ila mimi. Sikumbuki kushuka ile njia ya kuteremshia mashua. Nilijua niko majini pale baridi iliponifika kiunoni, viatu vimenaswa kwenye tope, na binti yangu amenikumbatia kwa nyuma ananivuta, na kwa mara ya kwanza tangu awe mtu mzima ananipigia kelele kwa Kiswahili: "Baba, hujui kuogelea! Baba, rudi!"

Ndipo akaibuka. Alitokea kandokando ya mtumbwi, upande wa pili, bila kilemba. Kichwa kilikuwa wazi, na zile nywele fupi za mvi zilizoota upya, ambazo hakuna mtu wa nje aliyekuwa ameziona, zilikuwa zinang'aa kwa maji mbele ya umma wote. Akaita namba yake. Aliiita kwa utulivu, kama anayeitikia salamu ya mlangoni. Nikamwacha binti anivute mpaka nchi kavu.

Sikuwatazama vizuri walivyouinua ule mtumbwi. Najua wawili walipanda juu ya tumbo lake wakaukalia kwa uzito, wengine wakausukuma mrengu kutoka chini, ukapinduka tena ukakaa sawa, na wakatoa maji kwa ndoo. Boti ya uokozi ilisimama kando kuwavuta. Nahodha akamuuliza kila mmoja kama anataka kuvutwa. Binti yangu, ambaye macho yake ni mazuri kuliko yangu, akaniambia aliyetikisa kichwa kwanza ni mama. Wakapanda, wakamaliza kwa makafi, wa mwisho kabisa, na watu wote ukingoni wakawapigia makofi kuliko walivyompigia mshindi.

Nilimngoja na taulo. Binti alimfunika kichwa kwa skafu yake, tukamkalisha kwenye benchi, nikammiminia chai, nusu ikanimwagikia mkononi. Nahodha alikuja akamkumbatia, akaniangalia mimi niliyerowa mpaka tumboni, akanikumbatia na mimi. Binti akaenda kutafuta suruali ya kuniazima. Tukabaki wawili. Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba nitamshukuru Mungu na kunyamaza. Nikafumbua mdomo na hasira ikatoka. Nikamwambia hana huruma. Nikamwambia amenizeesha. Nikamuuliza alitaka binti yake asimame pale ukingoni aone nini. Yeye anapuliza chai tu.

"Kwa nini ulichelewa kuita?" nikamuuliza. "Wenzako wote walikwishaita."

"Nilisikia wakiita. Nilikuwa chini ya mtumbwi. Mna hewa mle, mna giza, unasikia maji tu."

"Ulinaswa?"

"Sikunaswa."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

Akaiweka chai kwenye benchi. Alikuwa anatetemeka kwa baridi lakini sauti yake haikutetemeka.

"Nilipumzika," akasema. "Mle hamna anayenitazama."

Nikamuuliza nani anayemtazama. Nilikuwa sijaelewa, wallahi. Nilidhani anasema watu wa msikitini, wanaomsema kwa kuvaa suruali.

"Wewe," akasema. "Nikila unanitazama. Nikilala unanitazama. Nikikohoa unaacha kijiko. Mwaka mzima sasa unanitazama kama jeneza limeshafika mlangoni, wanangojea mie tu. Nimechoka, bwana. Yale maradhi nayaweza. Hayo macho yako siyawezi."

Binti akarudi na suruali. Ilikuwa fupi, imenifika kwenye ugoko, nikaenda kuivaa nyuma ya mahema. Nilikaa huko zaidi ya haja. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Kila nilipotafuta pa kuanzia kumkatalia, nilijiona mwenyewe nimelala ubavu gizani nasikiliza pumzi za mtu aliye macho, anayejua kwamba anasikilizwa.

Tuliporudi, kwenye treni nilimwambia nitaacha. Sikusema zaidi ya hilo, na yeye hakuuliza nitaacha nini. Akaegemea dirisha, akalala mpaka Abbey Wood, kituo chetu. Mie nikasoma tangazo la meno lililokuwa juu ya mlango, nikalisoma mpaka nikalihifadhi. Jumapili nzima niliishi hivyo. Akipika, nikiangalia sufuria. Akisali, nikiangalia msala wangu. Usiku nikampa mgongo, nikaziba sikio kwa mto, na hofu ile ambayo nilikuwa nikimmwagia yeye ikabaki na mimi mwenyewe, haina pa kwenda. Ilikuwa nzito, jamani. Ndipo nikajua yeye alikuwa amebebeshwa nini.

Jumatatu tulifika mapema. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya kijani na televisheni iliyozimwa sauti, watu wanaoneshwa nyumba za kununua. Tukakaa bega kwa bega. Macho nikayafunga kwenye zile nyumba. Nikaanza kumhadithia habari za abiria aliyetaka kupanda basi na kabati la nguo, na mwenziwe akasukuma kwa nyuma, na bibi mmoja wa Kijamaika aliyewatukana wote watatu, kabati likiwamo. Akacheka kidogo. Nikamwambia nyumba ile ya kwenye televisheni ina jiko dogo, hata chungu cha pilau hakiingii. Akasema watu wale hawapiki pilau. Nikasikia pumzi yake inapanda na kushuka, nikaiacha, nikaendelea na habari za majiko. Jasho lilikuwa linanitoka mgongoni.

Mlango ukafunguliwa, nesi akatoka na faili, akamwita kwa jina.

Hakunyanyuka. Nikangoja. Nikasema labda anatafuta mkoba wake. Macho yangu yalikuwa palepale kwenye televisheni, mwanamke mmoja anafungua na kufunga droo. Nesi akamwita tena, taratibu. Nikahisi mkono wake umenikaa gotini, ule wa kushoto, umenishika kwa nguvu mpaka kucha zikanichoma.

"Sasa nitazame," akasema.

Nikageuka nikamtazama. Midomo ilikuwa imemkauka na kidevu kinamcheza. Alikuwa anaogopa, anaogopa kunishinda mimi, na mwaka mzima nilikuwa nikimtazama usiku na mchana, na hilo sikuwa nimeliona hata mara moja.